Lori yangu ya modeli inakaa ya kuchezea watoto, nirekebishe ama nianze ingine?

Msomaji wa Kisumu ameuliza hivi: amemaliza kuunda GMC ya Tamiya (kampuni ya modeli), skeli ya 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko ya ukweli, ile lori ya jeshi la Marekani ya vita vya pili, akaipaka kijani ya kopo ya sprei ya magari. Vioo vimeingia ukungu, nyota za stika ziko na weupe weupe pembeni, na lori yote inakaa kitu cha kuchezea watoto. Anataka iwe ya Red Ball Express na amefikiria kuipaka udongo mwekundu ndio ionekane imetembea. Anauliza kama aendelee ama aitupe anunue ingine.

Ndugu yangu, usitupe. Kwa hayo yote umetaja hakuna hata moja lenye limeshindikana. Lakini kabla tuende kwa vioo na stika wacha nianze na hio ya kukaa ya watoto, ju ndio kubwa, na watu wengi hudhani dawa yake ni kuongeza uchafu. Uchafu peke yake hausaidii. Lori yako inakaa ya watoto ju haijatoka popote, haina barabara, haina mwezi, haina mzigo. Ukishaamua hizo tatu, mambo ya rangi, vumbi, michubuko na hata vile matairi yanakaa chini utajua mwenyewe cha kufanya.

Umesema Red Ball Express na mimi nimefurahi sana umechagua hio. Huo ulikuwa msafara wa malori wa jeshi la Marekani huko Ufaransa mwaka wa 1944, ulianza tarehe 25 Agosti ukafungwa tarehe 16 Novemba. Wanajeshi walikuwa wametoka Normandy wakakimbia mbele haraka kuliko vile mafuta na risasi zingewafikia, na reli zilikuwa zimepigwa mabomu na ndege za Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) wenyewe ili Wajerumani wasizitumie, kwa hivyo kila kitu ikabidi kibebwe na malori usiku na mchana. Karibu robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi, na kazi yao ndio iliweka ile vita ikitembea. GMC ilikuwa imetengenezewa tani mbili na nusu lakini walikuwa wanaipakia hata tano, gavana ya kuzuia spidi inatolewa, matairi yanaisha, mengine yanatobolewa na mikebe ya chakula yenye wanajeshi walitupa barabarani.

Sasa rudi kwa zile tarehe. Mwisho wa Agosti huko ni msimu wa joto, barabara zimekauka, malori yanafuatana moja nyuma ya ingine na vumbi limeenea kila mahali. Novemba ni mvua, baridi na matope mpaka kwa ekseli. Hizo ni lori mbili tofauti, na kosa lenye naona kila saa ni mtu kuchanganya zote, vumbi kavu juu, matope mabichi chini, kutu kila kona, mpaka huwezi jua hii gari ilikuwa wapi. Amua moja. Mimi ningekushauri uchukue Agosti, ju vumbi linaacha kazi yako ya kuunda ionekane, matope yanaifunika, na tena vumbi ukikosea unafuta na brashi yenye maji kidogo unaanza tena.

Na udongo mwekundu hapana. Najua unauona kila siku ukipanda kwenda Vihiga na Kakamega na ni rangi nzuri sana, lakini ule wekundu ni chuma kilicho ndani ya udongo wa huku. Sehemu kubwa ya kaskazini mwa Ufaransa, kutoka Normandy kuenda upande wa Chartres na Paris, chini iko na mawe ya chokaa, kwa hivyo vumbi la barabara ni hafifu, kijivu chenye kimeingiliana na rangi ya krimu. Hata vumbi letu la hapa Nakuru wakati wa kiangazi linakaribia hio rangi kuliko la kwenu. Huo wekundu uweke, siku moja utaunda lori ya KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu) ya mwaka wa 1940 ikipakia askari huku kwetu kabla ya kuelekea kaskazini kupigana na Waitaliano, tafuta zile Chevrolet za Kanada za 1/35 za kampuni ya Italeri ama IBG, hapo udongo wa Kakamega utakuwa mahali pake.

Rangi kwanza. Sprei ya magari inatoka nzito, imetengenezewa bodi ya Probox sio kitu cha sentimita 18. Fanya hesabu kidogo: kwa 1/35, rangi ya unene wa milimita 0.2 ni kama lori ya ukweli ipakwe rangi ya unene wa milimita saba. Ndio maana ncha zote zinakuwa mviringo na lori inakaa imetumbukizwa kwa uji. Ichukue karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukiipiga kwa upande, uangalie zile nafasi za hewa pembeni ya boneti, vichwa vya riveti kwa bodi na mistari ya mbao. Kama unaziona zimekatika vizuri, rangi iko sawa, tutapaka juu yake. Kama zimejaa, lazima uitoe.

Kuitoa usitumie tina na usitumie petroli, zote zinakula hii plastiki, utabaki na lori imeyeyuka. Jaribu spiriti ya kawaida kwanza, chini ya chesisi mahali hakuonekani, na brashi ya meno. Rangi zingine zinakubali. Ikikataa, watu hutumia mafuta ya breki, unaloweka kwa chombo chenye kifuniko, unaangalia kila baada ya muda, unasugua, alafu unaosha na sabuni na maji ya vuguvugu mpaka utelezi uishe. Vaa glavu ju ni sumu na inachoma ngozi, na usiache ikae humo muda mrefu ju plastiki inaweza kuwa kavu ianze kuvunjika. Ng'oa vioo kabla.

Rangi yenyewe, olive drab, sio kijani. Hili ni jambo watu hukosea sana. Ni kahawia na njano imekutana na nyeusi, ukiiweka kando ya kijani ya kawaida inakaa matope. Ukipata XF-62 ya Tamiya tumia hio, lakini weka ndani buff kidogo, ile rangi ya mchanga, XF-57, ju rangi ya kitu kikubwa ukiileta kwa kitu kidogo inaonekana nyeusi kuliko inavyofaa. Alafu kwa boneti, paa la kabini na juu ya mudgadi ongeza buff kidogo tena, huko ndio jua hupiga. Kama huwezi pata, kuna maduka ya rangi za magari Kisumu na hapa Nakuru yanachanganya rangi kwa kupima, wapelekee kitu chenye rangi hio, waambie unataka ya NC (nitrocellulose, ile ya kuchanganywa na tina) na isiyong'aa. Ile ya kuchanganywa na hadina, dawa ya kugandisha rangi, usichukue, moshi wake ni hatari kwa mapafu na sio kazi ya kufanyia nyumbani.

Ukiwa na eabrashi, kile kibunduki kidogo cha kupulizia rangi, presha isizidi psi 20, ukae sentimita nane mpaka kumi kutoka kwa lori, upige nyembamba nyembamba, ya kwanza usione hata kama imefunika. NC ikipigwa hivyo tina inapaa kabla haijafanya kitu kwa plastiki, ikipigwa kwa wingi ama na brashi inaichimba. Kama uko na kopo tu, liweke kwa maji ya vuguvugu, ya vuguvugu nasema sio ya moto, alafu upige kutoka sentimita 25 hivi, unaanza nje ya lori unapita unamalizia nje.

Na hapa lazima niongee juu ya Kisumu yenyewe. Uko kando ya ziwa, hewa iko na unyevu mwingi, na mvua yenu hupenda kuja jioni. Rangi yenye tina nyingi ikikauka inapoza pale ilipopigwa, unyevu wa hewa unashika hapo na rangi inakuwa nyeupe kama imepuliziwa pumzi. Vanishi isiyong'aa ndio mbaya zaidi, inaweza kufanya lori yote iwe na barafu siku ya mwisho wakati umeshamaliza kila kitu. Kwa hivyo piga rangi asubuhi kama saa nne ama saa tano, jua likiwa limetoka na umande umeisha, usipige ukiona mawingu yameanza kujikusanya. Ikishatokea, usikwangue. Ngoja siku kavu upige vanishi ya kung'aa juu yake, mara nyingi huo weupe unapotea, alafu urudie ile isiyong'aa.

Vioo. Ukungu wako ni wa supaglu, na unyevu wa huko umeisaidia. Mvuke wake unapanda unashika kwa kioo unakauka mweupe. Kioo cha plastiki kimechafuka hivyo kinaweza kusuguliwa na dawa ya meno ama polishi ya gari, pamba, polepole, lakini mimi singejisumbua ju vioo vya mbele vya GMC ni bapa. Tafuta plastiki safi ngumu ya paketi, zile za kufunikia shati mpya ama betri, kata na wembe mpya ukitumia kile cha zamani kama kipimo, ubandike na gundi nyeupe ya mbao. Inakauka bila rangi na haina mvuke. Usivirudishe sai, vitangoja mpaka vumbi.

Stika. Ule weupe ni hewa imebaki chini ya stika, ju umeibandika kwa rangi yenye imekauka na chenga chenga, na chenga hizo ndizo zinashika hewa. Kama hutarudia rangi, toboa toboa pale peupe na ncha ya sindano, weka tone la siki nyeupe umechanganya na maji, ama ile dawa ya kulainisha stika kama unayo, bonyeza na pamba yenye unyevu, ngoja ikauke, urudie. Stika za Tamiya ni nene kiasi kwa hivyo inataka uvumilivu.

Lakini ukiamua kurudia rangi, na kwa vile umesema kijani nadhani utarudia, nyota usibandike, zipake. Lori za ukweli nyota zilipakwa. Chora duara kwa karatasi ya stika ya kuprinti, gawanya kwa nyuzi 72 ndio upate ncha tano, unganisha kila ncha na ile ya pili kutoka kwake, kata na wembe na rula ya chuma. Bandika, piga nyeupe yenye umechanganya na buff kidogo, nyembamba, toa karatasi kabla rangi haijakauka kabisa. Ukiona nyota imefifia kona moja, iache hivyo. Namba za pembeni ya boneti ni ndogo sana kuchora, hizo tumia stika za seti kama zimebaki, lakini piga vanishi ya kung'aa kwanza, ubandike, alafu vanishi tena.

Hio vanishi ya kung'aa piga lori nzima hata kama hukurudia rangi, iwe ya maji, ju tunaenda kutumia tapentaini na tapentaini ikikutana na rangi ya lori bila kitu katikati inaweza kuibeba. Ikauke vizuri, hata siku mbili. Alafu chukua rangi ya mafuta ya wachoraji, ile kahawia nyeusi inaitwa burnt umber, kidogo tu kama punje ya mchele kwa kifuniko cha chupa ya tapentaini. Na brashi nyembamba gusa kwa pembe, kando ya riveti, kwa mistari ya milango, inakimbia yenyewe kwa mfereji. Usipake kila mahali kama unaosha gari. Ilipozidi futa na brashi safi yenye tapentaini, kutoka juu kuelekea chini.

Michubuko, kuwa mchoyo. Malori mengi ya hapo yalikuwa na miaka michache tu, yametumika vibaya lakini hayajaoza. Kutu weka kwa ekzosi. Kwa bodi, mahali pa kuchubuka ni pale mtu anakanyaga akipanda kabini, ncha ya bampa, sakafu ya kubebea mzigo na ubao wa nyuma, ju mikebe ya mafuta ilikuwa inaburutwa hapo siku nzima. Kipande kidogo cha sponji, rangi ya kahawia iliyokolea, ifute kwa karatasi mpaka ikaribie kuisha, gusa. Kama lori yako iko na bodi ya mbao, mkwaruzo unaonyesha mbao sio chuma, rangi ya mti mkavu.

Tairi sio nyeusi. Hakuna tairi ya barabarani iko nyeusi. Paka kijivu kilichokolea sana, na uhakikishe yote kumi yamegusa chini, weka lori juu ya taili ya sakafu upitishe karatasi chini ya kila moja. Lenye karatasi inapita halifanyi kazi, na jicho linajua hata kama mtu hawezi kukuambia ni nini kinamsumbua. Kama ni ya plastiki sugua kidogo chini na sandpepa ndio yakae yamebeba uzito. Tani tano, kumbuka.

Sasa vumbi, na hapa nakuomba utoke nje kabla uguse kitu. Nenda usimame mahali malori hupunguza mwendo, kwenu upande wa Ahero ama Awasi, ukija huku juu Salgaa ni shule kamili. Usiende nje ya kambi ya jeshi na simu, utajitafutia shida bure. Angalia trela moja tu, uiangalie kabisa. Utaona vumbi halijakaa juu sawa na chini. Mlangoni limeanza karibu na ngazi likapanda likipungua, lakini karibu na kitasa ni safi na panang'aa ju mikono hupita hapo. Nyuma ndio kumejaa kuliko kote ju lori ikikimbia hewa inarudi inavuta vumbi na kulibandika kwa ule ubao wa nyuma, angalia hata kioo cha nyuma cha matatu ya kutoka mashambani. Tairi, vumbi liko ndani ya mifereji na pembeni, pale panagusa lami pamesuguliwa. Tanki la mafuta liko na mstari wa giza chini ya kifuniko, mafuta yalimwagika vumbi likashika hapo. Malori ya miwa ya huko Muhoroni na Chemelil ni mazuri pia, lakini hayo yanakufundisha matope.

Vumbi la kupaka tengeneza na chaki laini za wachoraji, kijivu, krimu na kahawia hafifu, zisugue kwa sandpepa upate unga. Chaki ya ubaoni ni nyeupe sana, changanya kidogo tu. Piga vanishi isiyong'aa kwanza ndio unga ushike, alafu upake na brashi kavu ukianzia chini, na mahali unataka libaki gusa na tone la tapentaini ulichore likae. Litafifia likilowa na litarudi likikauka, usiogope ukaongeza. Ukipenda kutumia udongo wa ukweli kwa ardhi ya kusimamishia lori, ukaange kwanza kwa sufuria kuukuu bila kitu mpaka ukauke kabisa, la sivyo kwa unyevu wa Kisumu utaota kuvu, na uchunge na soksi ya nailoni, ju chembe ya nusu milimita kwa skeli yako ni jiwe la karibu sentimita mbili.

Mzigo ufanye mikebe ya mafuta ya lita 20, imepangwa kwa safu zimebanana, na usiache sehemu ya katikati tupu. Turubali kama utaweka tumia karatasi laini ya tishu imeloweshwa na gundi nyeupe na maji, ile ya plastiki ni nene mno, na ipake kaki yenye imepauka, isifanane na bodi. Kamba zikazwe mpaka karatasi iingie ndani kidogo pale zinapopita.

Vioo sasa. Kabla ya kuvibandika kata tepu ya kufunikia rangi iwe umbo la pale waipa inafagia, kwa kila kioo, ukifuata mahali waipa yako imefungwa. Pulizia vumbi hafifu sana, moja tu, toa tepu. Upande wa dereva ufanye safi zaidi kidogo ju huyo ndio alikuwa anafuta na mkono akitaka kuona mbele, na kwa GMC dereva anakaa kushoto.

Ukifika kwa nyota ukwame, nitumie picha umeipiga nje juani kutoka upande wa mlango, simu iwe chini usawa wa tairi, usiipige kutoka juu, hapo nitaona rangi na vile inasimama kwa wakati mmoja.